Udi kwenye Kanzu ya Mcha

Wallahi haya ni kweli tupu. Atakayenishika uongo nitambebea samadi kwa kichwa changu hiki cha mstaafu.

Zamani, kabla babu zenu hawajaota ndevu, Jokha binti Turki alisimama nyuma ya mlango wa nyumba yao Malindi, kaufungua kidogo tu. Nje yupo mchumba wake, Mcha, mkulima wa Kiembe Samaki, kaleta mchicha. Shangazi mtu, Bi Sheikha, kakaa kati yao kuchunga heshima.

"Mcha."

"Naam."

"Nani kakufukizia kanzu?"

Mcha akaukamata mchicha kama anataka kuunyonga.

"Hakuna mtu."

"Udi nausikia mpaka huku ndani. Mama yako keshafariki, dada huna. Kumfukizia mwanamme kanzu ni kazi ya mkewe."

"Nimejifukizia mwenyewe."

"Kwa sababu gani?"

Mcha akaanza kuuhesabu mchicha, jani kwa jani.

"Basi rudi kwa huyo mwenye chetezo cha kukufukizia. Kesho nnamwambia baba posa yako irudishwe."

Mlango ukafungwa. Usiku Jokha chakula kikamshinda. Asubuhi Bi Sheikha, ambaye jambo la mtu likimpita huumwa kichwa, akamwambia:

"Vaa buibui, mwanangu. Kabla hatujavunja posa, twende tukamwone huyo mke."

Wakapanda punda hadi Kiembe Samaki. Wakamkuta Mcha nyuma ya kibanda, shuka kiunoni, anapindua kwa jembe rundo la mavi ya ng'ombe linalofuka moshi. Pembeni kanzu yake imetandazwa juu ya tenga, chini yake chetezo cha udi.

"Mke wako yuko wapi?" Jokha akauliza.

Jembe likamponyoka. Akalionyesha rundo.

"Ndiye huyu."

"Mavi?"

"Samadi. Mbichi inaunguza mizizi, kwa hiyo naifunika majani ya mgomba, naipindua mpaka ioze. Baba yako alisema anataka mkwe msafi. Nikaona nikija nanuka, nshakukosa."

Jokha akachutama penye rundo la zamani, akachota kiganjani, akanusa.

"Mbona hii inanuka ardhi ya mvua?"

"Hiyo ishaiva. Ndiyo inayootesha mchicha mnaokula."

"Kumbe mie nakula mavi," akasema Bi Sheikha, "na kila siku naomba niongezwe."

"Wewe umekula mchicha, Bi Sheikha. Mchicha ndio uliokula mavi."

Jokha akashusha pumzi ndefu, akakaa chini na buibui lake, akacheka mpaka machozi.

"Mto wangu umerowa machozi kwa ajili ya rundo hili. Kwa nini hukusema?"

"Nliogopa."

"Na mie nliogopa. Basi chetezo usikishike tena. Hiyo kazi yangu."

Wakaoana. Mchicha wa karamu ulirefuka hata wapishi wakauchuma kwa ngazi, na mie nikaula kwa macho yangu nikiuona.

Nilipofika hapo kwenye hadithi, Mwanakhamis, mjukuu wao, aliyekuwa akisikiliza nasi barazani, akanikatiza.

"Habari ya udi ni kweli, bibi alinisimulia. Lakini ngazi, Mzee? Na harusi hiyo uliilaje, nawe hata baba yako alikuwa hajazaliwa?"

"Nilikuwa mdogo."

"Vikapu vya samadi vile pale. Bustani unaijua."

Nimebeba mpaka adhuhuri, mbichi yote. Nyumbani Bi Mwamvua, mke wangu, kanusa mara moja tu, kaniwekea chetezo nje ya mlango.

"Jifukizie mwenyewe."