Kicheko cha Aliyeandikiwa

Dinah Peart alitoka nje na kikapu kwenda kuchukua udongo wa kuchoma, ule mweusi tunaoukata mlimani na kuukausha, maana huku kwetu, bonde la Weardale, miti ni ya kutafuta kwa tochi. Ilikuwa jioni ya Novemba, zamani, reli ikiwa bado haijapanda bondeni. Jua lilikuwa limeshajiendea zake. Ndani, mtoto wake Tamar, wa miezi mitano, alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake. Dinah alichukua mabonge mawili, akafikiri kidogo, akarudisha moja. Mwanamke yule alikuwa mkono wa birika, na wala hakuona haya kuambiwa hivyo.

Ndipo aliposikia mtu anaimba.

Sauti ya mwanamume, inashuka kutoka mgodini. Wimbo wa arusi, tena ule wa walevi, wenye maneno ambayo mtu wa kanisani hayatamki mbele ya mkewe. Dinah alitega sikio. Sauti aliijua. Kikapu kikamponyoka.

Alikuwa mumewe.

Sasa nikwambie kitu kuhusu Cuthbert Peart, ambaye bonde zima lilimwita Cuddy. Mtu yule alikuwa hacheki. Siku ya arusi yake hakucheka. Tamar alipozaliwa, aliuliza, "Ana mikono miwili? Haya," akaenda kulala. Na tangu mwezi wa tisa, mwamba ulipomwangukia mwenzake Jacob Nattrass kule chini tunakochimba madini ya risasi, wakashindwa hata kumfukua wamzike, Cuddy alikuwa hasemi maneno matatu kwa siku.

Leo anaimba.

"Mke wangu!" alipaza sauti akiwa bado mbali. "Mke wangu mzuri, umesimama kwenye baridi yote hii kwa ajili yangu?"

"Umelewa wewe?"

"Hata tone!"

Na ilikuwa kweli. Alipomkumbatia, Dinah alimnusa mdomo. Pombe haikuwepo. Kulikuwa na harufu nyingine... maji ya mgodini, jiwe bichi, mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Koti lako liko wapi, Cuddy?"

"Nimempa Emerson. Ana watoto wengi, anasikia baridi."

"Emerson? Si mliapa hamtasalimiana mpaka kufa?"

"Tumesameheana!" Akacheka mpaka akajishika ubavu. Dinah hakuwahi kukisikia kicheko kile. Kilimsisimua mwili, na si kwa raha.

Mama yake Cuddy, Barbary, alikuwa mwanamke mkavu. Hakumpenda mkwewe, mkwewe hakumpenda, na waliishi chini ya paa moja kwa kuvumiliana tu. Alipomwona mwanawe akiingia anacheka, akimnyanyua mtoto na kumrusha juu, uso ulimshuka. Alimvuta Dinah mkono mpaka kwenye kona, akamnong'oneza neno moja.

"Fey."

Neno lenyewe ni la kale kuliko kanisa letu. Walikuja nalo watu waliovuka bahari ya kaskazini na mashoka yao, na kwao lilikuwa na maana moja: aliyeandikiwa. Askari anakula, anakunywa, ananoa upanga wake, kumbe mauti yameshamwekea mkono begani. Ndugu zao waliobaki ng'ambo, Wajerumani, nao walikuwa na neno hilohilo, ila huko likaja kuwa jina la mwoga, kwa sababu aliyeandikiwa hutetemeka. Kwetu likageuka vingine, na sijui lipi baya zaidi. Kwetu aliyeandikiwa huchangamka. Bahili hugawa. Aliyenuna maisha yake yote huimba. Siku hizi watu wa mjini wanalitumia kumsifia msichana mwenye macho ya ndoto na shela nyepesi. Upuuzi mtupu! Bibi zetu hawakulitamka mbele ya mtoto.

"Mama, usinitanie," Dinah alisema.

"Nimekutania lini mimi? Baba yake alikuwa hivihivi. Alirudi anacheza. Asubuhi walimleta maiti, amelazwa juu ya ubao wa mlango."

"Sasa tufanye nini? Mama, niambie, tufanye nini?"

"Ataitwa. Leo hiihii, mara tatu. Akiitika, ndiyo basi. Asipoitika mpaka jogoo awike, kifo kinampita. Ndivyo alivyoniambia mama yangu. Kwa baba yake, mimi nilijua nimechelewa."

Dinah hakungoja zaidi. Alitia komeo mlangoni, akasukuma meza juu yake, akaficha viatu vya mumewe ndani ya pipa la unga. Nyumba ile ilikuwa ya wenye mgodi. Mwanamume akifa, wiki haiishi mjane yuko barabarani na mtoto mgongoni, theluji au hakuna theluji. Na zaidi ya nyumba, alimpenda. Hakuwahi kumwambia. Nani angeanza kumwambia Cuddy mambo kama hayo?

"Mnanifungia kama kuku!" Cuddy alicheka. "Kuna mbweha?"

"Kaa chini, mume wangu. Kwa ajili ya Mungu, kaa tu."

"Dinah leo ananiita mume wangu! Mama, umesikia?"

Dinah alimwangalia vizuri kwenye mwanga wa moto. Mdomo ulikuwa unacheka. Macho hayakucheka hata kidogo. Macho yalikuwa yanamwomba.

Mtu wake alikuwa mle ndani. Alikuwa anajua.

"Nakuona, Cuddy," alimnong'oneza, akimshika uso kwa mikono miwili. "Nakuona. Sikuachii."

Chozi moja lilimtoka Cuddy, likapita juu ya kile kicheko.

Juu ya paa zikapita sauti. Wengine husema ni bata bukini wanaohama. Sisi husema ni mbwa, na hatuulizi wanamwinda nani. Zikapita... zikafifia. Moto ukainama. Ile harufu ikaingia chini ya mlango, jiwe bichi na mshumaa uliozimwa, safari hii nzito zaidi.

Ko... ko... ko.

"Cuddy."

Tamar aliacha kunung'unika. Barbary alimfunika na aproni yake. Sauti ile wote waliijua, ingawa ilikuwa kama ya mtu mwenye kokoto kooni. Jacob Nattrass. Jacob ambaye bado alikuwa chini ya mwamba, hajazikwa.

Cuddy alifungua mdomo. Dinah akamziba kwa kiganja.

"Kimya. Kimya, baba. Usimjibu."

Alikisikia kicheko chake kikimtekenya kiganjani. Vidole vya Cuddy vilikuwa vimemshika sketi, vinamng'ang'ania kama vya mtoto. Vidole vilikuwa vyake. Mdomo haukuwa wake tena.

Nyayo zikazunguka nyumba. Nzito. Zinadondosha maji. Zikasimama dirishani.

"Cuddy. Twende kazini, ndugu yangu."

Cuddy alisimama. Dinah alimrukia kiunoni, akaburutwa naye sakafuni. "Mama, nisaidie!" Lakini Barbary alikuwa amepiga magoti na mtoto kifuani, anasali, macho ameyafumba. Cuddy aliisukuma meza kwa mguu mmoja. Mkono wake ukafika kwenye komeo. Dinah alipanda mgongoni kwake, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili. Cuddy akamng'ata. Damu ikamtoka Dinah, na bado hakuachia.

Nyayo zikarudi mlangoni. Sasa ubao mmoja tu uliwatenga.

"Mungu wangu, nipe huyu tu," Dinah alilia. "Sitakuomba kitu kingine. Nipe huyu tu!"

"Cuddy?"

Ya tatu.

Cuddy alitikisa kichwa, mikono ya mkewe ikateleza kwa damu. Akavuta pumzi ya kuitika. Dinah aliiona pumzi ikiingia, akaona kifua kikijaa, na hakuwa na kitu kingine cha kufanya duniani. Akapiga kelele yeye, kama mwenye nyumba yeyote anavyomfukuza mgeni asiyemtaka.

"Hayupo! Cuddy hayupo! Nipo mimi tu hapa!"

Kisha, taratibu, kwa upole kabisa:

"Basi sawa, Dinah."

Nyayo zikaondoka.

Cuddy alianguka palepale kama gunia, akaanza kukoroma. Dinah alimkumbatia, akalia, akacheka, akalia tena. "Ameondoka, mama! Tumemshinda!" Barbary alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu mno, anamwangalia mkwewe bila kupepesa. Kisirani kile, Dinah aliwaza, hata leo kinashindwa kusema asante.

Jogoo aliwika. Cuddy aliamka, akajikuna, akaketi mezani. Alionja uji.

"Una mabonge," alisema.

Dinah alimbusu kichwani. Maishani mwake hakuwahi kuambiwa maneno matamu kama yale. Mume wake wa siku zote, na uso wake wa siku zote! Mwenyewe hakukumbuka kitu tangu alipotoka mgodini, na aliuliza tu kwa hasira ni mjinga gani aliyetia viatu vyake kwenye unga.

Dinah alirundika udongo kwenye moto mpaka nyumba ikawa na joto la tanuri. Alifagia, akaosha vyombo, akafungua madirisha baridi iingie ipendavyo. Mke wa Emerson alipokuja kurudisha koti, Dinah alimshushia jibini zima alilokuwa amelitunza kwa ajili ya Krismasi.

"Chukua, dada. Watoto wale."

"Lote, Dinah?"

"Lote! Na hii shali pia, mbona umevaa nyepesi hivyo?"

Mke wa Emerson alimtazama Dinah, akamtazama Barbary kule jikoni. Rangi ikamtoka. Aliweka jibini chini, akaweka na shali juu yake, akaondoka karibu anakimbia.

"Huyo naye ana nini?" Dinah aliuliza huku anacheka.

Kijiko cha Cuddy kilikuwa kimesimama hewani. Barbary alikuwa analia. Mwanamke yule hakulia hata siku ya kumzika mumewe.

"Mama, unalia nini wakati mwanao mzima?" Dinah alimchukua Tamar, akaketi naye karibu na moto, akampa ziwa anyonye. Mtoto alishika haraka, kwa njaa. "Yuko hai! Si ndicho tulichotaka?"

"Ulijibu, Dinah."

"Nilimwambia hayupo tu."

"Ulisema upo wewe." Kwa mara ya kwanza tangu Dinah aolewe, mama mkwe alimshika mkono kwa upole. "Mwanangu, baba akifa, mtoto hukua kwa uji wa majirani. Cuddy huyo hapo, nilimlea hivyo. Lakini huyu wa miezi mitano, atanyonya kwa nani?"

Dinah alitaka kulia. Alitaka kusema hapana, hii ni furaha tu, mtu haruhusiwi kufurahi mumewe akipona? Alikusanya kilio chote kifuani, akakisukuma kitoke. Kilichotoka kilikuwa kicheko. Kirefu, kitamu, cha msichana aliye ngomani. Alijaribu kukimeza na kikazidi. Ndani yake alikuwa anapiga mayowe, na hakuna hata moja lililofika mdomoni.

Cuddy alisimama, kiti kikaanguka. "Mama... amekuwaje? Mbona anacheka hivyo? Dinah! Nitazame!"

Dinah alimtazama. Cuddy alichokiona machoni mwake kilimfanya apige magoti.

Mchana ulikuwa mweupe. Nje hakukuwa na upepo. Kutoka njia ya mgodini, mbali, mtu mwenye kokoto kooni alilisema jina la Dinah. Mara moja.

Dinah alimchomoa mtoto kwenye ziwa, akamnyooshea mumewe. Mikono yake ilikuwa bado yake.

"Mshike," alisema katikati ya kicheko. "Mshike vizuri. Na mimi nishikeni."

Tamar alianza kulia. Alikuwa hajashiba.