Mnunuzi Asiyeishiwa

Mwanzoni Mseti alidhani ni hitilafu ya gemu. Wafanyabiashara wote wa mle ndani huishiwa hela: ukiwauzia panga mbili na ngozi ya dubu, mfuko wao unabaki mtupu, mpaka usubiri. Huyu mpya, aliyesimama langoni amefunika uso, hakuishiwa.

Mseti alikuwa nyumbani Nyamwaga, mguu umefungwa P.O.P. Wakati wa rashi, wachimbaji walipofurika kwenye dhahabu mpya, aliteleza ndani ya duara, shimo la kuchimbia, kabla hajapata hata gramu moja. Pampu yake ya maji aliibadilisha na mchimbaji mwenzake kwa kompyuta iliyotumika. Mle kwenye gemu, walau, dhahabu ilimtii.

"Baba Goodness, umeshakuwa tajiri?" mkewe Rhobi alimtania, akipukuchua mahindi.

"Bado kidogo ninunue ngome."

"Mwenye ngome, basi tuletee chumvi."

Mchana mmoja wa mvua, kwenye orodha ya vitu vyake vya kuuza pakatokea mstari wa Kiswahili, na gemu lote ni la Kiingereza: *Maziwa ya ng'ombe mwekundu.* Akacheka, akauza. Jioni Rhobi alitoka zizini kumkamua ng'ombe wao mwekundu, kibuyu kikavu. Mseti akaelewa, akarudi kwenye gemu. Mungu anisamehe nikimhukumu, lakini dhambi ilianzia hapo, si kwenye mashine. Alijua, na aliitaka ngome.

Mstari wa pili ulisema: *Kicheko cha Goodness.* Bei yake ilitosha kukamilisha ngome. Kidole kilisita. Kisha kikabonyeza.

Goodness alikuwa na miaka mitatu. Kuanzia siku ile, mama yake akimtekenya, mtoto alifungua mdomo, meno nje, mabega yakitikisika, na hakuna kilichotoka. Chumba kikaanza kunuka baruti na mawe mabichi, harufu ileile ya chini ya duara, na hata kompyuta ikiwa imezimwa zilisikika sarafu zikidondoka moja moja ndani yake, taratibu, kama mtu anayehesabu bila haraka kwa kuwa anajua mwenye nyumba hana pa kukimbilia.

Mseti akashindwa, akamweleza mkewe kwa kunong'ona. Rhobi hakupiga kelele.

"Kirudishe."

"Anauza mara nne ya alivyonunua, Mama Goodness. Wote wa mle wako hivyo. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Aliiuza ngome kwa nusu bei, akauza farasi na upanga. Hela hazikutosha.

Rhobi akapiga magoti mbele ya kompyuta, akasali. Kwenye kioo, mnunuzi akageukia ukuta, na harufu ikapungua. "Umemwona?" Rhobi alisema. "Anaogopa. Jumapili wanajumuiya wanakuja kusali, tutamtoa."

Mseti mwenyewe hakuwa amesali tangu rashi ianze. Nyumba nzima iliegemea sala za mkewe. Na sasa hofu nyingine ikamshika: akitolewa, si ataondoka na kicheko?

Jumamosi, Rhobi akiwa kisimani, aliwasha kompyuta. Katika orodha yake ulibaki mstari mmoja tu: *Sala za Rhobi.* Bei ilikuwa sawasawa na kile kilichopungua.

Akauza. Akanunua.

Goodness akacheka. Rhobi alikisikia kicheko kutoka njiani, akaitupa ndoo, akaingia mbio, akamkumbatia mtoto huku akilia. "Sikusema mimi? Sikukwambia anaogopa? Haya, piga magoti na huo mguu wako, tushukuru."

Wakapiga magoti. Goodness aliendelea kucheka, macho yake yakielekea nyuma ya mlango, ambapo hapakuwa na mtu, akicheka kama anayetekenywa, bila kupumua, na harufu ya baruti ikaingia nzito kuliko siku zote, ikajaa mpaka kwenye nguo zao.

Rhobi alifunga macho. Akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Goodness," alinong'ona, "huwa tunaanzaje?"