Upanga wa Jitu na Binti Aliye Hai

Wazazi wenzangu, nisikilizeni, maana haya yalitokea kwa watu wa heshima, wasiolewa wala kupigana.

Jumamosi mchana nyumbani kwa akina Haugen palikuwa pametulia. Theluji ya Machi ilikuwa ikiyeyuka na kudondoka kutoka paani. Viazi na nyama ya kusaga vilikuwa vikiiva ovenini, na kutoka chumba cha chini ya nyumba zilisikika dadu zikigonga meza. Joleen, mama mwenye nyumba, alikuwa akipanga sahani. Mara akamsikia mwanawe Tate akicheka huko chini.

Tate alikuwa amekufa tangu mwaka uliopita.

Joleen akashika ukingo wa sinki. Alijua ni nani. Ni mumewe, Wendell, akiiga.

Walikuwa na mchezo wao wa kusimuliana. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, mwendeshaji anasimulia hatari zinazowakuta, na dadu zinaamua nani kaumia na nani kapona. Wendell ndiye mwendeshaji. Tate alikuwa na jitu lake, Horgo, lenye upanga mrefu kuliko mlango. Kisha pikipiki yake ya theluji ikapasua barafu, ikazama naye katika ziwa lililo nyuma ya nyumba. Wakamzika Tate, lakini Horgo hakuzikwa. Wendell alimwekea kiti, akamrushia dadu, akamsemea kwa sauti ileile ya kijana. Joleen alidhani ni namna tu ya kuomboleza, akanyamaza. Mwaka mzima alinyamaza.

Siku hiyo akashuka na chakula.

"Shemeji, umeniokoa!" alisema Duane, jirani yao, akipokea bakuli. "Huyu binti yako anataka kuua joka kwa kisu cha kumenyea viazi."

"Si kisu, anko. Ni upanga mfupi," alisema Signe, mtoto wa darasa la nne. Mtu wake wa kubuni aliitwa Tansi, kimo chake kama pipa.

"Mfupi kama mwenyewe!"

"Endelea tu. Nitakukata magoti, ndiyo ninayoyafikia."

Duane akacheka hadi akapaliwa. Wendell hakucheka. "Mtu mdogo, silaha ndogo," alisema. "Upanga mfupi wa mtu wa kawaida unarushiwa dadu ya pande sita. Wa Tansi, dadu ya pande nne. Wa Horgo, dadu tatu za pande sita. Silaha ikikua, jeraha linakua. Ndiyo kanuni."

"Basi Horgo aniazime upanga wake wa akiba. Mara moja tu, Baba."

"Hutaweza hata kuunyanyua." Kisha Wendell akakigeukia kiti kitupu, na sauti ikatoka kinywani mwake nyepesi, yenye utani: "Usiguse vitu vyangu, we kinda."

Duane akaacha kutafuna. Joleen akamwona Signe akikunja mabega, kama mtu aliyepitiwa na upepo wa baridi.

Mchezo ukaendelea. Mchawi akamroga Horgo, na dadu zikasema urogi umeshika: ampige mwenzake aliye karibu zaidi. Aliye karibu alikuwa Tansi.

"Ngoja, ngoja," alisema Duane. "Zamu yangu inatangulia. Horgo amebakiza uhai kiduchu. Nampiga mshale, anaanguka, mtoto anapona."

"Hakuna atakayemgusa Horgo!"

"Kanuni inaruhusu, bwana. Si wewe uliyetufundisha?"

"Nimesema hakuna!"

Akazikusanya dadu tatu, akarusha. Sita, tano, sita. Uhai wa Tansi haukufika hata nusu ya hapo.

"Amekufa," alisema Wendell. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiti.

Signe alizitazama dadu. "Na mimi nikifa," aliuliza taratibu, "utakuwa unanirushia dadu?"

"Signe, usianze. Ni mchezo. Tengeneza mtu mwingine."

Mtoto akainuka, akapanda ngazi. Joleen alidhani anakwenda chumbani kwake. Akabaki kumkabili mumewe, kwa mara ya kwanza. "Wendell, umemuua mtoto mbele yangu, halafu umemlinda marehemu. Umejiona?" Kabla hajajibiwa, mlango wa nyuma ukabamizwa.

Wakatoka mbio; kwenye theluji nyayo ndogo zilishuka moja kwa moja hadi ziwani.

Watu wa kule wanaijua barafu ya Machi. Inakuwa ya kijivu, kama jicho la mgonjwa, na hakuna mwenye akili anayeikanyaga. Signe alikuwa amesimama mbali juu yake, bila koti, akitazama pale Tate alipozamia.

Wendell alitimua mbio. Hatua chache tu, barafu ikalia chini yake mlio mrefu uliokimbia hadi ng'ambo. Barafu iliyombeba mtoto haikumtaka baba. Akaanguka kifudifudi, maji yakipenya kwenye nyufa na kumlowesha kifua. Hakuweza kusogea mbele. Akapaza sauti:

"Tate! Tate, rudi!"

Signe, aliyekuwa ameanza kugeuka, akasimama. Kisha akawapa mgongo tena, akapiga hatua moja kuelekea penye weusi, ambako barafu ilikuwa nyembamba.

"Wendell," alisema Joleen kutoka ufukweni, "umemwita nani?"

Wendell akaweka paji la uso juu ya barafu. Alipoinua kichwa, sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ya mtu mzima, iliyokwaruza.

"Signe! Signe, mwanangu. Siwezi kufika hapo. Nikija, itapasuka tuzame wote. Ni wewe tu unayeweza kuja."

"Nije kwa nani?"

"Kwangu."

"Na Tate?"

Upepo ulipita katikati yao. Joleen alihisi kana kwamba kuna wa nne wa nyumba yao anayesikiliza.

"Tate amekufa," alisema Wendell. Hakuwahi kulitamka, hata kaburini. "Amekufa, Signe. Wewe upo, na mimi nilikuwa sikuoni. Nakuona sasa. Lala chini, tambaa polepole. Siondoi macho."

Signe akalala, akatambaa. Barafu ilikuwa ikipiga kelele kila kiwiko kilipogusa. Duane alikuwa amekuja na ngazi ya kupandia paani. Akaisukuma juu ya barafu, Wendell akaishika, akainyoosha mbele, hadi vidole vidogo vilivyokufa ganzi vikaidaka.

Duane na Joleen wakavuta mwisho wa pili wa ngazi, hadi wote wawili wakafika ufukweni. Wendell akamfunika mtoto kwa kifua chake kilicholowa, akalia kwa sauti kubwa, ya kutisha, kilio cha mwaka mzima. Signe hakuogopa. Alimpapasa masikio, akamwambia, "Basi, Baba. Nimeshafika."

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, pale mezani ni kweli kwamba silaha ndogo huumiza kidogo. Nyumbani si hivyo. "Tengeneza mtu mwingine" ni maneno matatu tu, tena yalisemwa bila hasira, na yalitosha kumpeleka mtoto juu ya maji. Tusipime kidonda cha mtoto kwa udogo wa neno tulilomrushia.

Tena, tuwalilie wafu wetu. Tutamke kwamba wamekufa, kwa majina yao, mbele ya watoto, ili watoto wasidhani kwamba njia ya kutazamwa ni kufa. Mzazi anayemtunza marehemu kwa kumnyima aliye hai hupoteza wawili.

Na wewe uliye jikoni, unayesikia jambo si sawa ukalipa jina la subira, shuka ngazi leo. Joleen angechelewa kidogo tu, angezika mtoto wa pili. Hakuchelewa. Signe yupo, amepanda darasa, na baba yake humwita kwa jina lake.