Gurudumu Lililofungwa kwa Chuki

Ndugu zangu wa Mocímboa, nawasimulia habari ya nyumba iliyopakana na yangu. Sisimulii kwa kuwasengenya majirani. Nasimulia kwa sababu yaliyowapata yanaweza kuingia nyumba yoyote yenye watu wasiosemezana.

Asubuhi hiyo ilianza vizuri. Mvua ilikuwa imekatika. Bi Atija, mjane mwenye nyumba, alikuwa akipepeta mchele, na mkwewe Laila alikuwa akikaanga vitumbua huku wakiongea habari za arusi. Ussumane, mtoto mkubwa wa Bi Atija na mume wa Laila, aliipindua baisikeli uani, akaanza kulifungua gurudumu la nyuma.

Baisikeli ilikuwa ya marehemu baba yake. Ussumane na mdogo wake Tarique waliitumia kwa zamu: leo huyu anapeleka samaki wakavu Awasse, kesho yule anabeba mihogo ya shambani. Gurudumu lilikuwa limelegea, likiyumba na kusaga, na kila mmoja alimwachia mwenzake kulitengeneza.

Ugomvi wao ulianza waliporudi kutoka ukimbizini. Tarique alitangulia, akaiezeka upya nyumba ya baba, akachukua chumba cha mbele. Ussumane aliporudi akasema amedhulumiwa, kwani chumba hicho ni haki ya mtoto mkubwa. Salamu zikawa za kulazimishana, mwishowe zikaisha kabisa.

Kwa asiyejua kazi hii, katikati ya gurudumu kuna ekseli, na gurudumu huizunguka juu ya gololi ndogo za chuma zilizolala kwenye grisi. Ussumane alizitoa gololi akaziweka kwenye bakuli, akafuta grisi kuukuu iliyokuwa nyeusi kama lami, akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Kufungua mtu anaweza peke yake. Kufunga ni kazi ya wawili, mmoja azuie kwa spana upande huu, mwingine akaze nati upande ule. Bi Atija akamwita Tarique aje amshikie kaka yake spana.

Tarique alitoka, akatazama, akacheka. Akasema anayejiona mkubwa wa nyumba ajishikie mwenyewe. Kisha akalipiga bakuli teke, gololi zikatawanyika mchangani. Mama yao akawasihi. Wao wakatukanana hadi majirani tukatoka nje, na mimi nikiwamo.

Tarique alipokwenda zake, Ussumane alichekecha mchanga hadi akazipata gololi zote. Hapo shetani akamwingia. Akarudisha chache tu, nyingine akazitia mfukoni. Grisi mpya hakuipaka. Akakaza nati peke yake, kiasi cha kumdanganya mtu akilishika gurudumu kwa mkono. Laila alipomuuliza kama limekwisha pona, akamjibu, “Linamtosha atakayeipanda baisikeli kesho.”

Laila alielewa. Naye alikuwa na kinyongo na shemeji yake kwa ajili ya kile chumba, akanyamaza. Haya aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe.

Kesho yake Ussumane alikwenda bandarini kutafuta samaki. Tarique aliichukua baisikeli kwenda shambani. Laila naye alitangulia huko kwa miguu, akawa anachimba mihogo, kila mmoja upande wake kama hawajuani. Nyoka akamgonga Laila mguuni.

Ndugu zangu, semeni mnavyotaka juu ya Tarique, lakini aliposikia kilio alitupa jembe. Alimbeba shemeji yake, akamketisha nyuma ya baisikeli, akaanza kukanyaga pedeli kwa nguvu zake zote. Njia ile ya shamba pikipiki hazipiti. Laila alitaka kumwambia kwamba gurudumu si zima. Aibu ikamzuia, akabaki kumwomba Mungu wafike.

Hawakufika. Gololi zilisagika, ekseli ikavunjika, gurudumu likaganda, na wote wawili wakaangukia visiki. Tarique alimbeba mgongoni, akichoka anamtua, akipata pumzi anambeba tena, hadi barabara kuu. Walipofika kituo cha afya, mguu ulikuwa umevimba mpaka pajani. Uhai wa Laila uliokolewa. Mguu haukuokolewa, ukakatwa chini ya goti.

Siku Laila aliporudishwa nyumbani, Tarique aliliweka lile gurudumu, likiwa wazi, mbele ya kaka yake.

“Kaka, aliyezimwaga ni mimi,” alisema. “Lakini mama anasema ulizipata zote. Humu zimo chache, tena kavu. Nyingine ziko wapi?”

“Nilikutegea wewe,” Ussumane akasema. “Sikumtegea yeye.”

Laila akajibu kutoka mkekani, “Na mimi nilijua, shemeji. Nilijua nikapanda.”

Tarique hakumpiga mtu. Aliingia ndani, akalitoa godoro la kaka yake, akalitupa njiani. Laila alichukuliwa na wazazi wake hadi Awasse na hajarudi. Ussumane amepanga kibanda karibu na bandari, na mdogo wake akimwona hubadilisha njia. Idi iliyopita Bi Atija alipika pilau, akatuma watu wawaite watoto wake wote wawili. Tarique aliposikia kaka yake ameitwa, akatoka. Ussumane naye, kwa kuwa Tarique bado anaishi pale pale, hakuja. Mama wa watu alikula peke yake.

FUNZO

Ussumane hakukusudia mkewe akatwe mguu. Alikusudia ndugu yake aanguke tu, na ubaya ulipotoka mkononi mwake haukumuuliza umwendee nani. Tarique angeweza kushika spana. Laila angeweza kusema neno moja, jioni ile au hata akiwa njiani. Basi msikilizaji, kama uani kwako kuna kitu mnachokitumia wote, na hakuna anayekitengeneza kwa sababu ya kinyongo, kitengeneze wewe. Kitengeneze vizuri, hata kama zamu ya kesho ni ya yule usiyemsemesha.