Jicho Jekundu na Dawa ya Giza

Nyumba ile ilikuwa na kelele mbili. Barazani, cherehani ya mke ilipiga tatatata. Uani, mashine ya mume ya kuchomelea vyuma ilipiga chwaaa. Mume alikuwa fundi wa mageti. Watu walimwita Cheche.

Alasiri moja cherehani ilinyamaza.

"Mume wangu, kichwa!" mke alilia. "Kinapasuka! Na jicho hili la kushoto, kama limepigwa msumari."

Cheche alitazama. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya. Akacheka, cheko la mtu anayejua.

"Umechungulia moto wangu wewe."

"Sijakanyaga uani tangu asubuhi!"

"Wote husema hivyo."

Cheche aliyajua macho ya moto, yanayounguzwa na mwanga wa kuchomelea. Yalimpata ujanani, alipodhani kinyago cha kukinga uso ni cha waoga. Dawa yake ilikuwa giza. Akafunga madirisha, akamfunga mkewe kitambaa machoni, akamlaza.

"Kesho utaamka mzima."

Giza halikusaidia. Maumivu yalipanda. Mke akatapika. Cheche akawasha taa, akamfungua kitambaa.

"Mbona taa imevaa bangili?" mke aliuliza. "Bangili za rangi rangi."

Cheche aliitazama taa. Haikuwa na kitu.

"Fumba jicho la kulia. Unaniona?"

"Naona ukungu tu. Nikiwa kipofu nitashonaje mimi?"

Cheko likamkauka Cheche. Akakimbia nyumba ya pili kumwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi wa kliniki ya macho.

Shemeji alipoingia, kwanza alifungua madirisha.

"Shemeji, umemfungia dada yangu kama kuku anayeatamia?"

"Ni macho ya moto, shemeji..."

"Macho ya moto kwa kawaida huuma yote mawili. Hapa linauma moja." Alimulika jicho kwa tochi. "Mboni imepanuka, haisinyai. Naogopa hii ni presha ya jicho. Ndani ya jicho mna maji. Njia yake ikiziba, maji hujaa, jicho likawa gumu kama mpira. Giza hupanua mboni, njia ikazidi kuziba."

"Kumbe mimi ndiye niliye..."

"Utajilaumu njiani. Twende hospitali."

"Si nimeze dawa ya kichwa nilale?" mke aliuliza.

"Hapana, dada. Kichwa na jicho huuma pamoja kwa sababu nyingi. Kipandauso. Mafua yaliyoziba pua. Kukosa miwani. Mengi ya hayo yanangoja kliniki. Lakini jicho jekundu, kuona ukungu na kutapika havingoji kesho. Kesho jicho linaweza kuwa limekufa."

Njiani Cheche hakutania mtu. Alimshika mkewe mkono mpaka mlango wa hospitali.

Hospitali walimpa dawa za matone na vidonge, presha ikashuka. Kisha daktari alitoboa tundu dogo sana ndani ya jicho kwa mwanga wa leza, maji yapite. Jicho la kulia nalo likatobolewa, maana lilikuwa hatarini vilevile.

Aliporuhusiwa kufanya kazi, mke aliketi kwenye cherehani. Akashika uzi na sindano. Akafumba jicho la kulia.

Cheche alisimama mlangoni, kinyago mkononi. Uzi ulikosa tundu. Ukakosa tena. Kisha ukapita.

"Pumua, mume wangu," mke alisema bila kugeuka. "Leo sina kitambaa cha sanda."

Cheche akapumua. Halafu akazunguka nyumba nzima akifungua madirisha, hata lile lililokuwa wazi.