Geti la Mbalawe

Yuliana aliishi Mbalawe, lakini shamba lake lilikuwa Lubasi. Kwa watu wa milima ya Uluguru hilo si jambo la ajabu. Ardhi hufuata ukoo wa mama. Mama yake Yuliana alizaliwa Lubasi, na mjomba wake, Mzee Gabrieli, ndiye aliyesimamia ardhi ya ukoo. Yuliana alipoolewa, mjomba alimpa kipande cha shamba kwenye mteremko wenye udongo mweusi. Yeye akapanda migomba.

Asubuhi alipanda mlima kwenda kukata ndizi. Mchana alishuka na mkungu kichwani, mwingine kesho yake, na mwingine tena. Siku ya lori, mikungu yote ilikuwa imepangwa mbele ya nyumba yake. Bi Pili, mfanyabiashara wa Mkuyuni, alikuja na lori la kukodi akanunua ndizi za wanawake wote wa njia ile. Bi Pili alikuwa mkali wa bei na mwepesi wa utani. Alimwita Yuliana "mke wa mkubwa", kwa sababu mume wake, Thobias, alipenda sana kuongea mikutanoni.

Zamani Lubasi na Mbalawe vilikuwa kijiji kimoja. Watu wa Mbalawe walilalamika miaka mingi. Wajumbe wote walitoka Lubasi. Shule ilijengwa Lubasi. Kisima kilichimbwa Lubasi. Mbalawe walichangia, kisha wakaambiwa wasubiri. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, na anayesema walijitenga kwa kiburi tu anawaonea. Mwaka 1998 Mbalawe kikawa kijiji chenye mamlaka yake, na Thobias akachaguliwa mwenyekiti wa kwanza. Siku ile walichinja mbuzi, na wazee wakalia kwa furaha.

Furaha ile haikukaa sana. Kijiji kipya hakikuwa na kitu. Hakikuwa na ofisi wala dawati. Zamani Serikali ingewapelekea bati na saruji. Sasa ilikuwa zama za biashara huria, na kila kijiji kiliambiwa kitafute mapato yake.

Thobias akatafuta. Barabara ya lori ilitoka Mkuyuni, ikapita kijiji cha Kiponda kule chini, ikapita Mbalawe, ikaishia Lubasi. Kila kilichoshuka kutoka Lubasi kilipita mbele ya mlango wake. Kwenye mkutano wa kijiji alisema kwamba kijiji huru lazima kiwe na mpaka, na mpaka lazima uwe na geti. Mazao yote yanayotoka kijiji kingine yalipe ushuru. Watu walipiga makofi. Hata Yuliana alipiga makofi, maana alidhani watakaolipa ni watu wa Lubasi.

Wakakata mwanzi mrefu, wakauweka kuvuka barabara, na Mwinjuma, mtu mzima mpole asiyejua kugombana, akapewa kazi ya kuulinda.

Wiki ile ile Yuliana alishuka kutoka shambani na mkungu wa mzuzu, ndizi za kupika, kichwani. Mwinjuma alisimama mbele yake. Alikuwa ameona haya.

"Mama, samahani," alisema. "Huo mkungu umetoka Lubasi."

Yuliana alidhani ni utani. Akamwambia hilo ni shamba lake, na yeye ni mtu wa Mbalawe, tena mke wa mwenyekiti. Mwinjuma alisema anajua yote hayo. Lakini sheria inasema mazao ya kijiji kingine, na shamba lile liko kijiji kingine.

Jioni Yuliana alimweleza mumewe akitegemea atacheka. Thobias hakucheka. Alisema mke wa mwenyekiti ndiye wa kwanza kutii sheria. Watu wakiona yeye hatozwi, hakuna atakayelipa.

"Sawa," alisema Yuliana. "Nitalipa ili nile ndizi zangu."

Akalipa. Karibu nusu ya wanawake wa Mbalawe walikuwa kama yeye. Waliishi huku, na mashamba ya mama zao yalikuwa kule. Wakati wa kupiga makofi hakuna aliyelifikiria jambo hilo.

Lubasi nao hawakukaa kimya. Walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Serikali ya kijiji chao ikaweka geti lake, tena ikaamua kwamba mtu wa Mbalawe anayelima Lubasi atalipia shamba kila msimu. Watu wa Kiponda walipoona wenzao wa juu wana mageti, nao wakaweka lao darajani. Kwa hiyo njia moja fupi ya mlimani ikawa na vizuizi vitatu. Kila kijiji kilisema kinajilinda.

Bi Pili alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alilipa kote, akateremsha bei ya ndizi, akanyamaza. Mara ya pili alizozana na walinzi mpaka jua likawa kali na ndizi zikaanza kuiva garini. Baada ya hapo hakuja tena. Watu wa Mbalawe walisema atarudi tu, atapata wapi ndizi kama zao.

Hakurudi. Ndizi zina tabia moja mbaya. Hazisubiri watu wamalize ugomvi wao. Mikungu iliyopangwa mbele ya nyumba ya Yuliana ikawa ya njano, kisha ikawa na madoa, kisha ikaoza. Nzi walijaa mlangoni. Harufu ile ya ndizi iliyooza iliingia mpaka kwenye nguo za kanisani. Yuliana aliona aibu kusalimiana na watu Jumapili, ingawa nyumba zao zilinuka vilevile. Sina maneno mazuri ya kulipamba jambo hili. Chakula kilioza mikononi mwa watu waliokihangaikia, na waliokiozesha ni wao wenyewe.

Kisha likaja kubwa zaidi. Mzee Gabrieli alituma ujumbe kwamba ada ya shamba haijalipwa, na viongozi wa Lubasi wanamsumbua. Yuliana apande wakaongee. Yuliana akamwomba mumewe waende pamoja. Thobias alikataa. Alisema mwenyekiti wa Mbalawe hawezi kwenda Lubasi kuomba, wataona wameshinda. Yuliana akaenda peke yake, na mikono mitupu. Alirudi, akaingia ndani moja kwa moja.

Miezi ikapita hivyo. Geti la Mbalawe halikuwa na cha kutoza tena, maana hakuna kilichopita. Mwinjuma aliendelea kukaa pale kivulini akilinda barabara tupu.

Mwishowe padri wa misheni ya Matombo, aliyeona waumini wake hawapeani hata amani kanisani, alipeleka habari wilayani. Wilaya ikamtuma Bi Shamsia, afisa ushirika. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Aliita vijiji vyote vitatu kwenye mkutano mmoja, na akamwomba Bi Pili naye aje.

Mkutano ulianza kwa lawama. Lubasi waliwalaumu Mbalawe, Mbalawe wakawalaumu Lubasi, Kiponda wakasema wao wamewafuata wenzao tu. Bi Shamsia aliwaacha waseme hadi wachoke. Kisha akamgeukia Bi Pili.

"Dada, walipokutoza kwenye mageti yote, fedha hizo ulizitoa wapi?"

Bi Pili alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Nizitoe wapi? Nilikata kwenye bei ya mkungu. Mjini siwezi kupandisha, nikipandisha watu wananunua ndizi za Mgeta. Kwa hiyo namkata mkulima."

Thobias alikuwa amekaa mbele, na kila mtu alimwona akiinamisha kichwa. Alipoinuka, sauti yake haikuwa ile ya mikutano.

"Nilidhani nawatoza Lubasi," alisema. "Kumbe nilikuwa namtoza mke wangu. Mara mbili. Getini, na kwenye bei."

Sasa watu walikuwa tayari kusikiliza, na Bi Shamsia akaeleza polepole. Alisema kujitenga kwa Mbalawe hakukuwa kosa. Kijiji kinaweza kuwa na mwenyekiti wake, mkutano wake na muhuri wake, na bado kikauza pamoja na jirani. Uhuru na soko ni vitu viwili. Kosa lilikuwa kudhani kwamba anayejitawala lazima ajifungie.

Akawaeleza soko la pamoja ni nini. Ndani ya vijiji vitatu, mazao yapite bure. Ushuru ukusanywe mahali pamoja tu, kule chini darajani, mali inapotoka nje ya eneo lote. Kinachopatikana kigawanywe kwa makubaliano. Mfanyabiashara akijua atasimama mara moja na atalipa kiasi gani, atakuja. Na vijiji vitatu vikiongea na mnunuzi kwa sauti moja, bei haitapangwa na mnunuzi peke yake. Hapo Bi Pili alikohoa, watu wakacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile.

Mzee mmoja wa Mbalawe aliuliza swali zuri. Alisema Kiponda wako karibu na mji, na wana barabara nzuri. Tukifungua kila kitu, si watatumeza?

"Wanaweza," alisema Bi Shamsia. "Sitawadanganya. Kwenye soko la pamoja mwenye nguvu hufaidi haraka kuliko mnyonge. Ndiyo maana mnaandika masharti kabla ya kuingia, si baada. Wewe unaogopa nini hasa?"

Mzee alisema anaogopa kwa ajili ya wanawake wanaofinyanga vyungu. Vya Kiponda vilikuwa bora na vingi. Wakabishana, wakakubaliana kwamba vyungu vya Kiponda vitaendelea kulipa ushuru mdogo vikiingia Mbalawe kwa miaka miwili, ili wafinyanzi wa Mbalawe wapate muda wa kujifunza na kujenga tanuru. Baada ya hapo vitaingia bure. Na kijiji kitakachovunja makubaliano kitaitwa mbele ya kamati ya vijiji vyote. Hakitajibiwa kwa geti jingine.

Bi Shamsia aliwaambia kwamba hayo wanayobishania wao, nchi nazo zinabishania. Wakati ule redio ilikuwa ikitangaza kila siku habari za Tanzania, Kenya na Uganda kutaka kufufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Wako waliosema tuingie upesi. Wako waliosema viwanda vya Kenya vitatumaliza. Alisema pande zote mbili zina hoja, na mwananchi anayetaka kuamua vizuri aanze kwa kuuliza nani atalipa, nani atafaidi, na nani apewe muda wa kujiandaa.

Walipiga kura. Lubasi walikubali, Kiponda wakakubali, Mbalawe wakakubali. Ada ya mashamba ikafutwa. Mwinjuma ndiye aliyeuondoa mwanzi, na akauomba akajengee banda la mbuzi.

Lori la Bi Pili lilirudi. Bei ilipanda, si sana, lakini ilipanda. Fungu la Mbalawe kutoka darajani lilianza kununua bati za ofisi, bati chache kila mara. Watu wa Lubasi na Mbalawe wakaanza kuzikana tena na kualikana harusini. Mambo yalikuwa yametengenea, na ningependa kuishia hapo.

Lakini Yuliana alikuwa bado hajarudi kwa mjomba wake tangu ile siku aliyokwenda peke yake. Sasa Thobias alimsindikiza bila kuombwa. Walimkuta Mzee Gabrieli akianika pilipili manga kwenye mkeka.

"Shikamoo, mjomba," alisema Yuliana.

"Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Thobias naye akaamkia. Kisha akaomba msamaha, maneno machache tu, macho chini. Mzee Gabrieli akapokea. Hakuwa na kinyongo. Alichokuwa nacho ni jibu ambalo halikuweza kubadilika.

"Shamba nilimpa Joyce," alisema. Joyce alikuwa binti wa dada mdogo wa mzee, naye alikuwa na watoto wadogo na aliishi Lubasi. "Ada haikulipwa, na ukoo ukasema ardhi isilale. Nilikuita tuongee, ukaja peke yako, huna jibu. Ningefanyaje? Sheria zile ziliwafanya nyie watu wa nchi nyingine. Siwezi kumnyang'anya Joyce sasa. Ameshapalilia, ameshavuna."

Yuliana alitazama mteremko. Migomba aliyoipanda yeye ilikuwa imesimama vizuri, imesafishwa, na mikungu inaning'inia. Alilia palepale mbele ya wanaume wote wawili, wala hakuficha uso. Mzee Gabrieli akampa kipande kingine, juu zaidi, chenye mawe na magugu. Joyce alikuja mwenyewe na machipukizi ya migomba kutoka shamba lile la zamani, akasaidia kuchimba mashimo. Hakuna aliyekuwa na ubaya siku ile. Migomba ilipandwa, na ingechukua zaidi ya mwaka kuzaa.

Mwisho wa Novemba 1999 redio ilitangaza kwamba wakuu wa nchi tatu wanakutana Arusha kusaini mkataba wa Jumuiya. Ilikuwa siku ya lori. Wanawake walikuwa wakipakia mikungu, na Yuliana, ambaye hakuwa na mkungu hata mmoja, aliwasaidia kunyanyua ya kwao. Watu walimuuliza Thobias maoni yake, kwa sababu bado alikuwa mwenyekiti, na kwa sababu zamani alikuwa na maoni juu ya kila kitu.

Thobias alifikiri kabla ya kujibu. Siku hizi alikuwa hivyo.

"Waingie," alisema. "Lakini kwanza wajue, wakikataa, ndizi za nani zitaoza, na wakikubali, vyungu vya nani vitakosa mnunuzi. Wakishajua hayo, waandike masharti, wasaini."

Yuliana alikuwa ameinua mkungu wa mtu mwingine begani. Alisimama nao, akamtazama mumewe.

"Na wasichelewe," alisema.

Thobias alikwenda akashika upande wa pili wa ule mkungu, wakaupandisha pamoja garini.