Nguo ya Mtu Mmoja

Kwanza apa. Weka mkono kifuani useme hili halitatoka mdomoni mwako hata ukisuguliwa ulimi kwa msasa. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapishwa hivyo hivyo na Njiti, binti ya kaka yangu, amesimama mlangoni pake na begi mgongoni. Nikamwambia, "Shangazi yako ni kaburi." Basi kaburi lenyewe ndilo hili linaloongea, shoga yangu, maana nimeachiwa ufunguo wa nyumba yao, na jambo hili nikilibeba peke yangu nitapasuka.

Njiti ni fundi cherehani. Jina alipewa kwa umbo. Ukimtazama kwa ubavu unaweza kumkosa. Mumewe ni fundi rangi, mtu mpole, kucha zake hazijawahi kutakata. Tangu waoane hawajawahi kulala nje ya mji. Mwaka huu wakatia nia: waende kisiwa kimoja cha mbali chenye maji ya vuguvugu, wazamie kutazama samaki na matumbawe, kisha wapande mlima wenye msitu. Kila nikienda kuwasalimia nilikuta ramani imetandazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, imekandamizwa kwa mkasi.

"Hotelini hatulali, Shangazi," Njiti ananiambia. "Tunalala kwenye hema. Chakula tunapika wenyewe. Viatu vya mlima mwenzangu kaazima kazini."

"Na choo?"

"Choo si msitu huo!"

"Haya, na nyoka mtamwomba apishe kidogo."

Mume akacheka mpaka akamwaga chai. Walikuwa na furaha, wee acha tu. Na tiketi walishanunua, zile za bei ya chini ambazo ukishalipa, ufe uzikwe, hurudishiwi kitu.

Kilichowakwamisha ni nguo za kuzamia. Kuzikodi hukohuko kulikuwa kunazidi uwezo wao. Njiti akaenda soko la mitumba, akarudi na nguo moja nyeusi ya mpira, kubwa, ya jitu. Aliyewahi kuivaa alikuwa na mabega kama mlango. Muuzaji hakutaka hata kupatana bei. Alitaja kidogo, akapokea, akaanza kukunja turubai lake na jua bado liko utosini. Alichosema ni hiki tu: "Hiyo ni ya mtu mmoja."

Mtu mwingine angejiuliza. Lakini fundi cherehani ukimwonyesha jitu, yeye anaona mita. Njiti aliitandaza juu ya ramani, akaizungushia futi, akatabasamu. "Humu mna watu wawili," akasema.

Akaifumua, akakata, akatoa nguo mbili, yake na ya mumewe, zikawakaa kama ngozi. Nilikuwepo. Mkasi ulipopita katikati ya kifua, mpira ule ulitoa maji. Kidogo tu, kama jicho lililoingiwa na vumbi.

"Si ilifuliwa," Njiti akasema.

Nililowesha kidole, nikaonja. Yalikuwa ya chumvi.

Kesho yake akazikuta zimeshonwa pamoja, mkono wa moja kwa mkono wa nyingine, mshono mwembamba ulionyooka, wa fundi hasa. Akafumua. Asubuhi iliyofuata, zimeshonwa tena, safari hii mpaka mbavuni.

Na unadhani walimshuku nani? Mimi! Eti kwa kuwa napenda utani.

"Shangazi, utani wako sasa unakula uzi wangu," Njiti akaniambia, na hakuwa anacheka.

Mkwewe, mama wa fundi rangi, ambaye tangu siku ya posa hajawahi kunitazama kwa macho yote mawili, akadakia: "Wengine wakiona watoto wa watu wanakwenda kutembea, roho zinawauma."

Niliapa mpaka koo likakauka. Hakuna aliyeniamini. Nikasema basi, tukae wote mchana kweupe, chumba cha cherehani kifungwe, na ufunguo akae nao mkwe mwenyewe. Akautumbukiza kifuani, mahali ambapo hata mwizi angeona haya kuufuata. Tukamwita na jirani wa juu, tunayemwita Redio, awe shahidi. Akiona Redio, mtaa mzima umeona.

Tukala. Tukakaa sebuleni: mimi, mkwe, Redio na fundi rangi. Njiti alisema kichwa kinamgonga, akaingia chumbani kujilaza. Mlango wa chumba chake ulikuwa mbele ya macho yetu. Dirisha lake lina nondo. Redio alikuwa katikati ya habari ya mtu aliyeachika, tamu kweli, pale tuliposikia.

Cherehani.

Cherehani ile ni ya kukanyaga. Haisemi mpaka ipate mguu.

Mkwe akanigeukia upesi. Nikainua mikono yote miwili juu, aione.

"Si yeye," Redio akanong'ona.

Fundi rangi akasukuma mlango wa chumbani. Kitanda kitupu. Shuka limelowa, na ule unyevu ulikuwa na mabega.

Mkwe akautoa ufunguo kifuani. Haukutaka kuingia tunduni. Mwanawe akaupokea. Mlango ukafunguka.

Njiti alikuwa kwenye kiti chake. Ametupa mgongo. Amevaa nguo yake ya kuzamia. Nywele zinadondosha maji. Na ya mumewe ilikuwa imekaa pembeni yake. Imekaa, shoga. Imejaa. Ina kifua. Haina kichwa. Mkono wa hii na mkono wa ile ilikuwa chini ya sindano, na sindano inapita.

"Mwanangu," nikanong'ona. "Unafanya nini?"

Hakugeuka.

"Amechoka kuwa wawili," akasema, kwa upole, kama anayemwonea mtu huruma.

Fundi rangi akatangulia ndani. Hakutangulia kwa miguu. Mkono wake ndio uliotangulia. Uliinuka wenyewe, ukanyooka mbele.

"Mama," akasema. "Unavutwa. Mama, mkono unavutwa."

Mama yake akamshika shati. Mimi nikamshika kiuno. Redio akanishika mimi. Tukaburutwa. Wanawake watatu, na miili hii unayoiona, tukaburutwa sakafuni kama mkeka. Ndipo nikauona uzi. Mweusi. Umepita kwenye kifundo cha mkono wake, nyamani, kwa mishono midogo iliyolingana. Damu hakuna. Umekazwa mpaka kwenye sindano ya cherehani.

Niliufikia mkasi juu ya meza. Nikakata. Uzi ukakatika kirahisi. Kirahisi mno, kama kuna aliyeuachia.

Ile nguo ikalegea, maji yakamwagika mpaka yakafika vidoleni mwetu. Njiti akageuka, mguu bado uko kwenye kanyagio, kastabini kidoleni, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mnanitazama hivyo?"

Mkwe akaja akanishika mkono, na hakuuachia mpaka jioni.

Nguo tulizichoma nyuma ya nyumba. Nikawasihi wasiende. Mkwe alipiga magoti, mama mzima. Wapi! "Tiketi hazirudishwi, Shangazi," Njiti alinijibu. "Na huko tunasubiriwa." Akaniapisha nisiseme. Wote wawili walikuwa wamevaa mikono mirefu, na joto lote lile. Walikuwa wamesimama bega kwa bega. Nikawatazama wakitoka. Walitoka mlangoni kwa ubavu.

Simu zao hazipatikani. Mkwe anapiga kila saa. Redio mwenyewe, siku hizi, hana la kusema.

Leo nimekwenda kufagia. Rola ya uzi mweusi bado iko juu ya cherehani, haikuguswa. Ilikuwa inazunguka. Polepole. Uzi unatoka, unapita mezani juu ya ramani, unapenya chini ya dirisha, unakwenda zake nje. Niliushika kwa vidole viwili. Umelowa. Nikauvuta kidogo tu, kama unavyomvuta mtu nguo akutazame.

Nao, shoga yangu, ukanivuta.